Tindo Ambazo Hazijaiva

Wavunja mawe walijazana mlangoni mwa karakana tangu asubuhi, na kaka mtu alishachoka kuwaomba radhi. Akaingia ndani, akamkuta mdogo wake wa kike mbele ya tanuri, koleo mkononi, jasho likimchuruzika.

"Tindo si umeshazizima kwenye mafuta? Zitoe tuwape watu."

"Nimezizima, sijazirudisha motoni. Hazitoki."

Chuma chenyewe kilikuwa cha kazi za vishindo, kile cha tindo za mawe na ncha za mashine za kuvunjia lami. Lakini kikitoka kwenye mafuta huwa kigumu kupita kiasi: tupa haikikwaruzi, nyundo inakipasua kama glasi. Sharti kipashwe tena kwa moto wa wastani, kipoe, kipashwe mara ya pili, ndipo kivumilie kipigo. Dada alilijua hilo kwa taya lake. Kibanzi cha tindo iliyoharakishwa kilimwachia kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, na aliyeharakisha alikuwa kaka huyuhuyu.

"Karakana hii baba aliniachia mimi!" kaka akafoka.

"Na tanuri akaniachia mimi. Nifukuze ukitaka, ila hizi hazitoki."

Kaka akanyakua tindo moja, akatoka nayo nje. "Haya, jamani! Ngumu kuliko zote mlizowahi kushika!"

Dada akamfuata mguu kwa mguu. Akabiringisha bonge la jiwe mpaka mbele yake, akamtia nyundo mkononi.

"Ipige wewe kwanza."

Kaka akasimamisha tindo juu ya jiwe, akainua nyundo, akasita. Akaishusha, akapapasa mfukoni, akatoa miwani ya kazi na kuivaa.

"Ya nini tena hiyo, kaka?" dada akapaza sauti. "Hawa wenzako wana miwani?"

Kicheko kikalipuka. Kaka akabwaga nyundo chini. Wateja watatu wakaenda zao wakisonya. Waliobaki wakakubali kurudi kesho.

Kesho yake walizichukua, wakazigonga papo hapo. Jiwe likapasuka, tindo zikabaki nzima.

Kaka alikuwa bado amenuna. "Umeniaibisha mbele za watu."

"Na mimi nilipasuliwa taya mbele za watu," dada akajibu, macho yake kwenye moto. "Sogea, nina kazi."