Begonia ya Awuor

Mwelu alipoachiwa ufunguo, aliachiwa na begonia. Jirani yake Benta alikuwa anasafirisha mwili wa binti yake, Awuor, kwenda kuuzika Siaya, na machozi yalikuwa yamemkauka.

"Mama Muoki, ua hili ndilo Awuor ameniachia. Alipanda jani moja tu, likashika. Usilimwagie maji mpaka udongo ukauke kabisa. Tafadhali."

"Ondoa shaka, Mama Awuor. Nitalitunza kama mwanangu."

Sasa sikia. Mwaka huo wa tisini na tisa mifereji ya mtaa wetu wa Jericho ilikuwa inakohoa hewa tu, na wanawake walisukumana kwa viwiko kwenye foleni ya maji. Mwelu, mzaliwa wa Mwingi aliyekua akifukua maji mchangani, akamwelewa Benta kivyake: mwenzake anaona haya. Nani atamwomba jirani maji wakati kama huu? Hizo ni adabu tu za mfiwa. Ala! Yeye Mwelu ana roho mbaya kiasi gani hata aliache ua la marehemu lione kiu?

Basi kila asubuhi, kabla watoto wake hawajanawa uso, kikombe cha kwanza kilikwenda kwenye kopo la mafuta ya Kimbo lililokaa dirishani kwa Benta. Majani yalipoanza kulegea, akaongeza kikombe cha jioni. Yalipogeuka manjano, akamwambia mwanawe Muoki asioge, akaongeza tena. Maskini wa Mungu, hakujua anaiozesha mizizi.

Benta aliporudi, shina lilikuwa limelala, teketeke, linanuka. Alichomeka kidole kwenye udongo, maji yakapanda. Akatafuta jani zima la kupanda upya. Hakuna.

"Nilikukataza, Mama Muoki."

"Nilidhani unayaonea huruma maji yangu. Nisamehe, dada yangu." Mwelu alikuwa analia waziwazi.

Benta hakufoka. Afadhali angefoka.

"Awuor aliniomba maji wodini mpaka midomo ikapasuka. Daktari alikataza, eti anangoja upasuaji. Nikatii. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, akakata roho akikitazama." Akaliinua kopo. "Hili nalo nikakataza mimi, wewe ukalionea huruma."

Mwelu alinyoosha mikono kulipokea kopo.

"Kwa nini hukuwa wewe pale wodini?" Benta aliuliza, akalikumbatia kopo linalochuruzika, akaingia ndani na kufunga mlango.