Zawadi za Kiomboi

Miaka thelathini na moja Getruda alikuwa mke wa dereva wa malori, na katika miaka yote hiyo safari yake ndefu ilikuwa kutoka Pasiansi kwenda Kisesa kwa dada yake. Mlima Sekenke aliujua kwa masikio tu. Chenge akirudi nyumbani hakula ugali bila kuusimulia: nani kapinduka, breki za nani zimeshika moto, tela linatakiwa kupakiwaje. Getruda alisonga, akapakua, akasikia.

Chenge alipostaafu hakununua ng'ombe kama wenzake. Alikwenda kwa fundi Maige pale Mkuyuni, akaungiwa tela la magurudumu mawili la kuvutwa na gari lake, na juu yake chumba cha bati chenye kitanda, jiko la gesi na dirisha la pazia. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mtu ana nyumba nzima Pasiansi, halafu anajenga nyingine ya kuburuta! Getruda hakucheka. Alipanda mbele kwenye gari, kikapu mapajani, kabla hata hajaambiwa wanakwenda wapi.

Aliyekosa usingizi ni Nestory, mtoto wao wa kwanza. Baba ana miaka sitini na saba, alisema, na milima haina adabu kwa wazee. Wakapatana mbele ya mama: siku gari likimshinda Chenge mlimani, atamkabidhi Nestory ufunguo na tela litauzwa. Chenge alikubali haraka, kama watu wanavyokubali jambo wasilolitegemea.

Mwezi wa nane wa matembezi yao, wakawa wanarudi kutoka Kiomboi, alikoolewa binti yao Gladness. Wamekula kuku wiki nzima. Asubuhi ya kuondoka wakwe walipakia zawadi, na Chenge akabaki kwenye usukani akitazama mbele, maana mwanamume mwenye heshima zake hachungulii anachopewa na wakwe, ataonekana anapima. Getruda alikuwa ndani akiagana na mjukuu. Mlango wa tela ukafungwa kwa kishindo, mikono ikapungwa, wakaondoka wakiwa na furaha zao.

Walipoanza kuushuka Sekenke, kwenye kona ya kwanza tela lilichezesha mkia. Kona ya pili likalivuta gari kulia, likalivuta kushoto, kikapu kikaruka mapajani, na lori lililokuwa likipanda likapiga honi ndefu. Chenge hakukanyaga breki kwa pupa. Aliachia mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili, akalisogeza gari taratibu hadi mahali papana kando ya barabara. Akazima.

"Mama Nestory," alisema bila kumtazama. "Mikono imeisha. Hapa nimeshuka na tani thelathini, leo kibanda kinanishinda." Akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani. "Mpigie mwanao."

Iliuma. Getruda alimhurumia mumewe, na hakuona haya kujihurumia na yeye. Miezi minane tu, baada ya miaka thelathini na moja ya kungoja!

"Nitampigia," alisema. "Kwanza tunywe chai. Habari mbaya haitaki tumbo tupu."

Aliweka mawe kwenye magurudumu, akaenda nyuma kuwasha jiko. Alipofungua mlango, gunia la vitunguu lilimwangukia miguuni. Nyuma yake palikuwa na madumu ya mafuta ya alizeti, magunia mawili ya mtama, ndoo ya asali na jogoo aliyefungwa miguu, amekasirika. Vyote vimebanana hapo hapo mlangoni, kwenye mkia wa tela. Mbele, penye kitanda, hapakuwa na hata punje. Wakwe wasingethubutu kuingia chumba wanacholala wazazi wenzao.

"Baba Nestory!" aliita. "Njoo uione hiyo mikono yako iliyoisha."

Chenge alikuja, akatazama magunia, kisha kitanda kitupu.

"Ulisemaje mwaka ule dereva mwenzako Elias alipopinduka?" Getruda akamuuliza. "Tela hubeba tumboni..."

"Ukililemea mkiani litakutikisa," Chenge alimalizia polepole. Akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Ulidhani nasonga ugali tu?"

Walihamisha vyote katikati na mbele, mtama ukalala kitandani kama mgonjwa, wakanywa chai. Ndipo Getruda akamrudishia ufunguo. Wakashuka kwa gia namba mbili, tela likifuata bila neno mpaka Shelui, na Chenge akipiga mluzi.

Simu ikaita. Alikuwa Nestory.

"Shikamoo mama. Sekenke vipi? Baba kaiweza?"

"Marahaba. Kaiweza. Kilichotaka kutumaliza ni adabu, ya kwake na ya wakwe. Nitakusimulia. Na Jumapili msitungoje. Tukifika Nzega tunakata kushoto, tunapita Tabora, tunakwenda Mbeya. Nasikia huko kuna milima mikubwa kuliko huu."

Chenge alisubiri akate simu.

"Nani kasema tunakwenda Mbeya?"

"Mwenye ufunguo," alisema Getruda, akikiweka kikapu vizuri mapajani. "Ulinipa mimi, hukumpa Nestory. Hapo nimekuazima tu."