Kabati la Fomu za Makabidhiano

Jumatatu saa mbili asubuhi, meneja wa mabadiliko alipanga kalamu mezani na kuita mtu wa kwanza. Kampuni ilikuwa imetengeneza makufuli kwa miaka themanini na saba, na sasa zilikuwa njiani mashine zitakazoifanya kazi hiyo bila kuchoka wala kuomba ruhusa ya msiba. Kabla hazijafika, kila mfanyakazi alitakiwa kujaza fomu ya makabidhiano: aandike yote anayoyajua, atie sahihi, aende zake nyumbani.

Wa kwanza alikuwa mng'arishaji wa shaba, ambaye wenzake walimwita Mzee Msasa. Aliandika kwa saa tatu, ncha ya ulimi ikiwa nje. Alipotia sahihi, yote aliyoyaandika yalimtoka kichwani. Akakuta kipande cha msasa mfukoni mwake, akakigeuza huku na huku, akauliza ni cha nani. Meneja aliisoma fomu kama utaratibu ulivyotaka, na alipofika ukurasa wa mwisho alikuwa anajua kung'arisha shaba. Ofisi ya utumishi ilipopata habari, iliongeza mstari mmoja chini ya fomu: "Nathibitisha kwamba nimesahau."

Alhamisi Mzee Msasa alirudi, kofia mkononi.

"Bosi, naomba niisome kidogo tu ile karatasi yangu. Nyumbani nakaa tu, mikono haina pa kwenda."

"Mzee wangu, fomu ikishagongwa muhuri ni mali ya kampuni."

"Hata mistari miwili?"

"Hata mmoja, mzee. Nisamehe."

Mzee alimsamehe palepale, jambo lililozidi kumuumiza meneja. Alijua kabisa kwamba mistari miwili ingetosha kumrudishia hata mkono mmoja. Akaita anayefuata.

Wiki ya tatu alibaki mtu mmoja, naye alikuwa shangazi yake meneja.

Kiwandani walimwita Bi Sikio. Kwa miaka thelathini na sita alikaa mwisho wa mstari, akilifunga na kulifungua kila kufuli karibu na sikio lake, na lenye kasoro hata ya unywele alilitambua kwa mlio. Mama yake meneja alipofariki, shangazi ndiye aliyembeba mgongoni zamu nzima nzima, mtoto akapata usingizi kwa mlio wa makufuli. Ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyemwombea ukarani humo humo. Mwezi uliopita, meneja aliposimama juu ya kreti na kutangaza kwamba hakuna atakayeachwa nyuma, wafanyakazi hawakumtazama yeye. Walimtazama shangazi. Shangazi akaitikia kwa kichwa, nao wakakubali.

"Kaa, shangazi," alimwambia. "Andika ya kazi tu. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi vipi? Hapa pameandikwa 'yote'."

"Achana na hapo. Makufuli, basi."

"Mwanangu, wewe ulisema tujaze yote, nami nikawaambia wenzangu wajaze yote. Wamejaza. Mimi ni nani nijaze nusu?"

Angeweza kumnyang'anya kalamu. Lakini nyuma ya mlango wa kioo mkurugenzi alikuwa akisubiri faili lililotimia, na faili likitimia meneja angehamia ofisi ya ghorofa ya juu, yenye mapazia. Maji alikwisha kuyavulia nguo. Akatazama dirishani mpaka shangazi alipomaliza, na katikati alimwongezea karatasi mbili.

Shangazi alitia sahihi, akathibitisha kwamba amesahau, akafunika kalamu. Kisha akamtazama kwa ile adabu tunayowapa makarani tusiowajua.

"Nimemaliza, bosi. Mlango wa kutokea ni upi?"

"Ule wa kushoto, sha... Ule wa kushoto, mama."

"Ahsante. Una upole wewe. Waliokulea wamekulea vizuri."

Akatoka. Meneja akasoma. Kurasa nne za kwanza zilikuwa za makufuli, na masikio yake yakafunguka: akasikia bawaba ya mlango ikilia ghorofa ya chini, na komeo bovu nyumba ya jirani. Karatasi za nyongeza zilimhusu yeye. Bega gani alipenda kulitia udenda. Ufunguo aliomeza akiwa na miaka minne, na siku mbili za kuusubiri utoke. Mwisho kabisa, kwa mwandiko uleule wa taratibu: "Katika miaka yote nimepitisha kibovu kimoja tu. Siku ile mwanangu aliposema akiwa juu ya kreti, nilisikia kasoro sautini mwake. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni wangu."

Alikwenda dirishani. Shangazi alikuwa bado getini, hatua thelathini hivi, akifunga upya kilemba chake na kuzungumza na mlinzi. Karatasi ilikuwa mkononi mwa meneja. Kumfikia kungechukua dakika moja, na mistari miwili ingetosha. Aliona aibu, akashika ukingo wa dirisha. Shangazi akamaliza kilemba, akamuaga mlinzi, akaenda.

Meneja akagonga muhuri. Akaiweka fomu kabatini juu ya fomu za wengine na kulifunga kwa kufuli la kampuni. Kwa sikio la shangazi alisikia chuma kikikaa mahali pake. Kufuli lilikuwa zima.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Na watu je, wameridhika?"

"Wameridhika," alisema meneja, akasikia kasoro katika sauti yake, pana kuliko unywele. Akaipitisha.