Programu Iliyoitwa Ndoo

Mwaka wa tisini na nane, vita vilipomvusha Emilienne ziwa la Mweru kutoka Kilwa ya upande wa Kongo, alipata kazi katika ofisi ya kiwanda kidogo cha barafu mjini Nchelenge, upande wa Zambia. Alipokea simu, aliwapanga wachuuzi wa samaki waliokuja kuchukua barafu, na alimpikia chai fundi wa mitambo, Jayesh. Huyu alikuwa Mhindi wa Dodoma, mtu mzima asiye na haraka, na Kiswahili chake cha Tanzania kilimfanya Emilienne atabasamu. Jayesh naye alipenda kumsikia akisema mutu na mutoto.

Jayesh alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, na ndani yake programu aliyoitunga kwa uvumilivu wa miezi mingi. Aliiita Ndoo, kwa sababu uliiteremsha mbali usikokuona, ukangoja ipande na chochote ilichochota. Uliiandikia majina ya timu mbili za kriketi na tarehe ya mechi. Ilipiga simu Lusaka kwa mlio wa kukwaruza, ikapeleka ombi lake, na laini ikiwa na afya, kesho yake ilirudi na matokeo ya mechi nzima: nani alipiga, alipata mikimbio mingapi, nani alimdaka, nani alirusha mpira. Hapakuwa na picha wala sauti, ni majina na tarakimu tu juu ya kioo cheusi. Lakini Jayesh alivyoyasoma, midomo ikichezacheza, ungedhani amekaa uwanjani. Timu yake ilikuwa ya mji wa babu yake, kwenye pwani ya India, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuukanyaga.

Emilienne hakuwahi kuona kriketi. Jayesh alijaribu kumweleza kwa vijiko na kifuniko cha birika, akachoka. Kilichobaki kichwani mwa Emilienne ni kwamba wanaume wamevaa nguo nyeupe, wanasimama mbalimbali kutwa nzima, na hukatisha mchezo kunywa chai. Basi kila alipoitazama orodha ile ya majina aliwaona wamesimama ziwani, maji yakiwafika magotini, weupe kama yangeyange, na mpira ukipita juu yao polepole kuelekea kisiwa cha Chisenga, usishuke. Alipomwambia Jayesh, mwanzoni alimsahihisha. Baadaye akaacha, akawa anauliza tu kama maji leo yametulia.

Mvua za kwanza zilipokuja, laini ya simu ilikufa. Wiki hiyohiyo Jayesh alishikwa na malaria akiwa Kafutuma, alikokwenda kutengeneza jokofu, akalazwa kituo cha afya cha hukohuko. Emilienne alipanda gari la samaki kwenda kumwona, moyo ukimdunda njia nzima, na akashangaa kwa nini unadunda hivyo.

Muuguzi Idah alimpokea mlangoni. Alieleza kwamba mgonjwa anaita ndoo tangu asubuhi, wamempelekea ndoo mbili na zote amezikataa.

Jayesh alikuwa amelala macho nusu, shuka limelowa jasho. Timu yake ilikuwa katika mechi kubwa ya msimu. Aliuliza kwa sauti ya mbali kama Ndoo imeleta kitu.

Emilienne alikaa kando ya kitanda. Kumdanganya juu ya timu yake hakuweza.

"Ya India haikuleta kintu, Monsieur Jayesh. Laini ilikufa," alisema. "Lakini kuko mechi ingine. Kilwa na Chisenga. Banacheza leo."

Jayesh alimgeuzia uso. "Nani wamefungua kupiga?"

"Ba Chisenga: Goodson na Mubanga, ule wa nyavu. Banavaa nyeupe. Maji iko mu magoti."

Akaendelea kusimulia taratibu, kwa maneno yote aliyoyazoea kutoka kwenye kioo kile cheusi. Goodson alipiga mikimbio minne, mpira ukavuka mitumbwi. Mubanga alidakwa na Fabien wa Kilwa aliyesimama karibu na matete. Mtoto mmoja wa Kilwa alirusha mpira ukazunguka kama mwewe kabla ya kushuka. Nje mvua ilinyesha juu ya mabati, na ndani chumba kizima kilionekana kuelea. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kusikiliza. Walipofika kwenye chai, na wachezaji wakasimama majini kila mmoja na kikombe chake, Jayesh alikuwa amelala usingizi mtulivu, paji la uso limepoa.

Alirudi kazini amekonda. Laini ilipofufuka, Ndoo ilimletea matokeo aliyoyangoja: timu ya babu yake ilikuwa imeshindwa vibaya. Aliyasoma mara moja, akazima kompyuta, akamgeukia Emilienne.

"Dada, Chisenga walibakiza mikimbio mingapi washinde?"

"Sijue. Ulilala," alijibu. "Nao bakabaki palepale. Banangoja."

Jayesh alikubali kwa kichwa, kama aliyepewa habari njema, akamwambia basi wasiwaharakishe.

Tangu hapo hakunywa chai peke yake. Alasiri moja, ziwa limetulia hata huoni linapoishia na mbingu inapoanzia, Emilienne aliuliza jambo lililomkaa moyoni siku nyingi.

"Na banamuke? Banacheza?"

Jayesh alisema wanacheza, tena vizuri sana. Akasogea kando, akamwachia kiti na kumwelekeza herufi moja moja. Ndoo ikateremka, na kesho yake ikapanda imejaa. Wanawake kumi na mmoja wa nchi moja, kumi na mmoja wa nchi nyingine, majina ambayo Emilienne hakujua hata namna ya kuyatamka. Aliweka kidole juu ya la kwanza, akalisoma kwa sauti, akafumba macho mpaka huyo mwanamke akamjia vizuri, na sura yake, na nywele zake, na mikono yake imeshika kile kibao cha kupigia mpira. Ndipo akashuka kwa wa pili.