Karatasi Niliyomzika Nayo Anshel

Kabla sijaulizwa tena, na nimeshaulizwa mpaka na muuza samaki, niseme wazi: ni mimi. Mimi Zelig Braunfeld, fundi bomba, mwaka wa thelathini na moja huu kwenye chama chetu cha mazishi, ndiye niliyeiokota ile karatasi na kuifukia. Hakuna aliyenituma. Sasa niacheni nieleze mwenyewe, maana nimechoka kuelezewa na watu ambao hawakuwepo.

Anshel Roitman alikuwa mtunza sinagogi letu, na rafiki yangu tangu tukiwa wavulana. Jumanne moja ya mwezi wa pili, sala ya asubuhi ilikuwa inaelekea mwisho, naye alikuwa nyuma akiwamiminia wazee kahawa. Akaingia kijana mmoja mwenye koti la kijani, jina lake na lifutike. Hakusema neno. Alichomoa kisu akamchoma Anshel mara saba. Wanaume wanne wakamwangusha, wakamkalia mpaka polisi walipofika. Anshel alikata roho pale pale, kando ya kipasha joto, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

Polisi wakapiga picha, wakachukua kisu, wakachukua mwili. Saa nane mchana wakatuambia chumba ni chenu, safisheni. Na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Kwetu mtu aliyeuawa huzikwa na nguo zake zenye damu, na ile iliyomwagika hukusanywa yote, tone kwa tone, iende naye kaburini, kwa sababu ni mwili wake. Nguo polisi waligoma kuzitoa, tukabishana nao wee mpaka sauti zikatukauka. Nikajiambia, haya, nguo wamemnyima, damu yake hataikosa.

Nilipiga magoti saa tatu nzima, na vitambaa, na chuma cha kukwangulia, na taa yangu ya kazi. Chini ya kipasha joto, mahali ambapo fundi bomba peke yake ndiye anayejua kupenyeza mkono, nikagusa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa chapachapa. Sikuikunjua. Nilidhani ni orodha ya Anshel ya sukari na maziwa. Yule bwana alikuwa na orodha ya kila kitu. Nikaitia kwenye mfuko pamoja na vitambaa. Walipotuletea mwili kesho yake, mfuko ule nikauweka miguuni pake mwenyewe, tukafukia.

Ndipo tukaanza mahakama. Jamani, mahakama! Mara ya kwanza wakili wa utetezi, Bwana Pruitt, akataka daktari wa akili. Mara ya pili daktari yupo, ripoti haipo. Mara ya tatu karani akatupangia Yom Kipuri, siku tunayofunga na kusali tangu machweo hadi machweo. Tulipolalamika akauliza kama hatuwezi kufika baada ya chakula cha mchana. Chakula cha mchana! Miezi kumi na tisa ikakatika hivyo, na shemeji yangu Gitel, mke wa Anshel, kila mara anavaa gauni lake jeusi anakuja kuambiwa arudi nyumbani.

Na utetezi wenyewe ukoje? Eti kijana kuua ameua, hakatai. Lakini ni mgonjwa, na hakujua kaingia kwa kina nani. Sinagogi letu ni nyumba ya kawaida, bango halina. Eti alikuwa anamtafuta mwenye nyumba aliyemfukuza kwa kodi. Simu yake alishaitupa mtoni, na wakati anaua hakufungua mdomo. Kwa hiyo shtaka la kuua kwa chuki dhidi ya Wayahudi liondolewe, libaki la kuua tu.

"Tofauti yake ni miaka ya kifungo," Bi Delaney, wakili wa serikali, akatufafanulia ofisini kwake.

"Miaka sikuulizi, mama," Gitel akasema. "Afungwe kumi, afungwe mia, Anshel harudi. Mimi nataka waandike kauawa kwa sababu gani. Mume wangu hakufa kwa kodi ya nyumba ya mtu. Waandike, basi."

Hilo tu ndilo alilolitaka, na mimi ningempa hata figo yangu alipate. Siku hiyo hiyo Bi Delaney akatuambia jambo jipya. Karani wa maktaba ya mjini alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi ile kijana alichapa ukurasa mmoja, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Karani aliona maneno mawili tu juu kabisa: "Kwa nini". Polisi hawakuukuta kwake wala chumbani. Je, kuna yeyote kati yetu aliyeuona?

Ningeweza kunyamaza, na mpaka leo nisingekuwa na kesi na mtu.

"Anayo Anshel," nikasema.

"Anshel yupi?"

"Marehemu. Nimeizika."

Bi Delaney akavua miwani. "Umezika ushahidi wangu?"

"Nimezika damu ya rafiki yangu. Ushahidi wako sikuujua."

"Na huwa mnasafisha hivyo kila mara?"

"Tukiuawa, ndiyo."

Gitel hakunitazama. Nilirudi nyumbani nikaukoromea ukuta, nikamkoromea mke wangu, nikajikoromea mwenyewe. Mjinga wee! Mikunjo minne! Ungepoteza nini ukiikunjua?

Rabi Tuvia akasema kaburi kwetu halifunguliwi hivi hivi, ila kwa jambo kama hili anaweza kutafuta ruhusa, mradi mjane akubali. Tukaenda mimi na yeye. Gitel akatutengea chai na keki ya asali, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Kachomwa mara saba," akasema. "Madaktari wa serikali wakampasua. Nguo zake wakamnyang'anya. Leo mnataka kumfukua?"

"Mfuko uko miguuni tu, shemeji. Yeye hatutamgusa."

"Hebu niambie, Zelig, wewe ungelala watu wakikufunua miguu?"

Akasema hapana, na akasogeza keki karibu yetu kuonyesha kwamba mazungumzo yameisha. Bi Delaney naye alipopata habari akakata tamaa. Jaji hatamlazimisha mjane kwa ajili ya karatasi ambayo huenda imeshakuwa tope.

"Basi umebaki wewe, Bwana Braunfeld," akaniambia. "Utaulizwa kama uliona maandishi. Ukiwa uliona neno moja tu kuhusu Wayahudi, shtaka linabaki. Sikufundishi la kusema. Kumbuka vizuri, ndiyo ninachokuomba."

Wiki ile mji mzima uligeuka wakili. Muuza samaki ananifungia samaki huku ananinong'oneza, "Neno moja, Zelig! Kwani watakupima macho?" Ndugu wa mke wangu, Fishel, akanifuata hadi kazini, mimi kichwa kiko chini ya sinki la mtu.

"Kilichoandikwa unakijua au hukijui?"

"Nakijua."

"Sote tunakijua! Sasa kusema unachokijua ni uongo?"

"Sikukisoma, Fishel."

"Ebo! Nani kakuuliza habari za kusoma?"

"Jaji ndiye atakayeuliza, mpumbavu wewe! Nipe spana, uende zako!"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikosa hoja ya kumshinda.

Kule mahakamani kwa jina la Mungu hatuapi, hata kwa jambo la kweli. Nilithibitisha tu kwamba nitasema kweli, kama sheria inavyoturuhusu. Gitel alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini. Kijana alikuwa anachokoa kucha zake.

"Uliikunjua karatasi?" Bi Delaney akauliza.

"Hapana."

"Kwa nje, kulikuwa na maandishi yoyote uliyoyaona?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi, nalo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama Gitel. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Hapana," nikasema. "Niliona damu tu."

Jaji hakuchelewa. Shtaka la chuki likaondolewa kwa kukosa ushahidi. Yule mgonjwa asiyejua kina nani aliwaingilia akageuka, akatutazama kofia zetu za Kiyahudi moja baada ya nyingine, akatabasamu. Hilo nalo, kumbe, si ushahidi.

Gitel alinisubiri kwenye benchi la koridoni. Nilitaka kumpita kwa aibu.

"Kaa, shemeji," akasema.

Nikakaa, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Kaburi nililikataa mimi. Nikajua umebaki wewe tu. Nimeomba wiki nzima. Unajua nimeomba nini?"

"Sijui."

"Nimemwomba Mungu akufanye mwongo. Dakika moja tu, halafu akurudishe ulivyo." Akafuta pua kwa leso. "Hakunisikiliza."

"Hata mimi niliomba hivyo hivyo, shemeji," nikamwambia. "Niliomba mpaka nilipofungua mdomo."