Sahani ya Thok

Kila Gai alipokaa kula kwa mama yake, sahani zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yake, nyingine ya Thok, pacha wake, aliyechukuliwa na mto walipokuwa watoto wakikimbia vita kutoka Ethiopia. Mama yao, Nyaruot, alipakua sawasawa, kijiko hiki huku, kijiko hiki kule, akaiweka ya Thok upande wa kulia na kuifunika kwa kitambaa nzi wasiiguse. Baadaye Gai alitakiwa aile na hiyo, hata kama tumbo limejaa ndi. Haikuulizwa. Ilikuwa hivyo Kakuma kambini, siku za kupanga foleni ya mahindi ya msaada, na ikaendelea kuwa hivyo New Site, Juba, mama aliporudi baada ya mkataba wa amani na kupata kiwanja chake na nyumba yake ya mabati.

Kwao, Wanuer, mapacha ni ndege, na mapacha wawili ni mtu mmoja. Mmoja akifa hapigiwi yowe wala hawekewi matanga. Watu husema ameruka, yakaishia hapo, na mwenzake haruhusiwi kumlilia. Ndiyo maana Gai hakuwahi kuonja kuku wala yai maishani mwake, na wanafunzi wenzake wa Nairobi walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. La kuku halikumsumbua hata kidogo. Lililomsumbua ni machozi. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, mtu mzima na ndevu zake, na hajamlilia ndugu yake. Angemliliaje, na sahani ya huyo marehemu iko pale inafuka moshi?

Basi alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama yake: aseme Thok amekufa. Aseme kwa mdomo wake, hata kwa kunong'ona, ili naye apate kulia kama binadamu wengine.

Alirudi Juba Novemba ile ya mwaka 2010. Majirani walijua amekuja kujiandikisha kwa kura ya maoni ya kujitenga kwa Sudan Kusini, na kweli alikuja kwa hilo pia. Nani angekubali kulikosa? Ila wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwake. Gai alikuwa akisomea udaktari wa fizikia Ulaya, kwenye ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe, iliyozikwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Na mwezi huo huo, kwa mara ya kwanza, mashine ilikuwa imeacha kugonganisha chembe ndogo ndogo na kuanza kugonganisha viini vizito vya madini ya risasi, haya haya yaliyomo ndani ya betri ya gari. Wenzake wote walikuwa wamejazana huko kwenye chumba cha mitambo. Yeye alikuwa Juba, mtaa wa Kator, kwenye meza ya pembeni katika ofisi ya shirika moja la visima, akiomba dishi la setilaiti lisikate mtandao.

Meza ile alipewa na Ladu, rafiki yake wa Kakuma, aliyekuwa mhasibu hapo.

"Wasee wengine wakitoka majuu wanaleta gari," Ladu alimwambia siku ya kwanza. "Wewe umeniletea hesabu. Hata kalamu hukubeba."

"Gari linakuja."

"Linakuja kwa miguu, nadhani." Akamsogezea kikombe cha chai ya karkade na kumwacha afanye kazi.

Kazi yenyewe Gai alimweleza Ladu hivi. Viini viwili vya risasi vikigongana kwa kasi ile, vinayeyuka na kuwa kama uji wa moto mkali kuliko ndani ya jua. Uji huo haukai. Ukipepesa jicho umekwisha zamani. Hakuna anayeuona. Lakini mara nyingine, katikati ya mgongano, huzaliwa michirizi miwili ya chembe, pacha, mmoja unakimbilia huku na mwingine kule, kila mmoja kwa nguvu ileile. Kazi ya Gai ilikuwa kuitafuta michirizi hiyo kwenye picha ambazo vigunduzi vya mashine vimepiga.

"Michirizi pacha," Ladu alisema. "Na kazi hiyo wakakupa wewe."

"Niliiomba."

Ladu alitaka kutania, akamwangalia usoni, akaacha.

Gai alifanya kazi kwa bidii, na matokeo yakawa mazuri, safi, yamenyooka. Akayatuma kwa Janepher, msichana wa Gulu aliyesoma naye na ambaye sasa alikuwa kule kwenye mitambo, akikusanya kazi za kikundi kwa ajili ya mkutano. Janepher hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu kupitia kompyuta, sauti yake ikikatikakatika.

"Gai, picha yako ni nzuri mno. Inanitisha."

"Kwa nini ikutishe?"

"Kwa sababu haina kilichopungua. Kila mchirizi una mwenzake, kila mmoja una nguvu zake kamili. Ni kana kwamba huo uji haupo. Sisi wengine tunaona michirizi imetoka upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu, mwenzake kamezwa na uji. Kwako hakuna hata mmoja ulio peke yake. Umeitupa wapi?"

Gai alifungua programu yake na kuanza kusoma. Hakuhitaji kusoma sana. Mwanzoni kabisa, kabla ya jambo lingine lolote, alikuwa ameandika sharti: mgongano usioonyesha michirizi yote miwili, kigunduzi kimekosea, futa. Hakuna aliyemwagiza. Wengine waliandika programu zao bila sharti kama hilo. Aliliandika yeye, kwa mkono wake, na lilionekana kwake jambo la kawaida kiasi kwamba hakulifikiria mara mbili.

"Nimeifuta," alisema.

"Yote?"

"Nilidhani ni makosa. Nilidhani haiwezekani mmoja atoke na mwingine asitoke."

Janepher akasema taratibu, bila ukali, "Huo uliobaki peke yake ndio shahidi, Gai. Bila huo hatuwezi kujua kwamba kulikuwa na kitu kilichommeza mwenzake. Toa sharti, uanze upya. Mkutano tutausogeza."

Alilitoa. Programu ilipomaliza kuzunguka, ile michirizi ya peke yake ikajitokeza kwenye kioo, mingi kuliko alivyotazamia, kila mmoja umechomoka upande mmoja na upande wa pili ni weupe mtupu. Aliitazama. Aliuona mto Gilo, maji ya rangi ya udongo, na kamba waliyoambiwa waishike. Alikuwa ameushika mkono wa Thok. Alipofika ng'ambo, alikuwa ameshika kamba tu. Akaona haya kwamba maisha yake yote amekubali kuwekewa sahani mbili, kana kwamba kule mtoni hakukutokea lolote. Na pamoja na aibu hiyo ikaja hasira, na hasira hiyo ilimwelekea mama yake.

Kesho yake walikwenda kujiandikisha. Kituo kilikuwa chini ya turubai karibu na barabara, foleni imejikunja kama utumbo, watu wamevaa nguo za kanisani. Nyaruot alivaa kitenge kipya alichonunua soko la Konyo Konyo na kujifunga kitambaa kichwani. Nyuma yake kwenye foleni aliacha nafasi ya mtu mmoja, kisha akamsimamisha Gai. Kila aliyejaribu kuingia pale katikati alizuiwa kwa kiwiko.

"Mama, hapa pana mtu?" kijana mmoja aliuliza.

"Pana mtu," alijibu Nyaruot.

Gai aliutazama ule mwanya wa vumbi mbele yake na kuuma meno.

Mwandikishaji alikuwa mama mnene mwenye miwani, jina lake Poni, aliyekulia Uganda. Alimwandika Nyaruot, akamchukua alama ya kidole, akampa kadi. Nyaruot hakuondoka mezani.

"Hawa ni wanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, akionyesha nyuma. "Gai na Thok. Ni pacha. Andika wote."

Poni aliinua macho. "Mimi iko naona moja tu, mama."

"Wawili."

"Malesh, samahani, mama. Mimi naandika ule amekuja na kidole yake." Akamgeukia Gai, hakuwa na ubaya wowote. "Bwana, nyinyi iko ngapi?"

Watu wa nyuma walikuwa wanasikiliza. Nyaruot alimgeukia mwanawe, na macho yake yalikuwa yanamsihi. Gai aliyaona vizuri. Alidhani anajua yanaomba nini: kwamba amwachie mwanamke mzee ndoto yake. Akaona kwamba asipolisema leo, mbele ya watu, hatalisema kamwe.

"Niko peke yangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Thok alikufa mtoni. Niandike mimi peke yangu."

Poni akaandika. Nyaruot alijitanda kitenge mabegani, ingawa jua lilikuwa kali, na njia nzima ya kurudi alitembea nyuma ya Gai badala ya mbele yake. Gai alikuwa mwepesi kifuani, karibu afurahi. Alijiambia kwamba ataomba radhi wakifika, kisha watalia pamoja, na baada ya hapo watakuwa watu kama watu wengine.

Nyumbani mama aliingia jikoni. Alipika walwal, vidonge vya unga wa mtama, akaitia maziwa, akaileta na kuitua mkekani. Sahani ilikuwa moja.

Gai aliitazama. Miaka yote alikuwa akiingoja sahani hiyo moja, na sasa ilipokuja mkono haukwenda. Upande wake wa kulia mkeka ulikuwa mtupu, na ubaridi ukamshuka upande huo kutoka begani mpaka kwenye vidole.

"Mama," alijikuta akiuliza, "ile nyingine iko wapi?"

"Nimefunika nayo chungu. Umesema uko peke yako. Kula."

"Sikutaka kukuumiza. Nilitaka tu ukubali kwamba amekufa."

Nyaruot aliketi chini, polepole, magoti yakilia.

"Nikubali?" alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa majini. Wewe ulikuwa umeshachukuliwa na watu, uko mbele. Nilimkuta kwenye matete, chini kidogo ya pale tulipovukia, amefumba macho. Nikampandisha juu ya mti, kama pacha aliyekufa anavyowekwa, maana ndege hazikwi. Nikanawa mikono, nikaja kukutafuta."

Gai aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Ulidhani mama yako amerukwa na akili, siyo? Amekaa anamngojea mtoto wa miaka tisa arudi ale."

"Sasa ile sahani, mama?"

"Ile sahani ilikuwa yako. Nyinyi ni mtu mmoja, Gai. Kifo kilichukua nusu ya mtu kikaenda zake, hakikujua kimeacha nusu. Kingejua, kingerudi kuimalizia. Kwa hiyo kila siku nimekuwa nikikidanganya. Kikichungulia kinakuta sahani mbili, kinaona hapa hapajapungua mtu, kinapita. Kambini watoto wa wenzangu walikufa kwa kuhara, walikufa kwa surua, wewe hukuguswa. Ukaenda mpaka Ulaya, hukuguswa. Mimi nilikuwa hapa napakua." Alijipangusa mdomo kwa pindo la kitenge. "Na leo umesimama mbele ya watu wote, mchana kweupe, ukasema."

"Mama, hayo hayana ukweli," Gai alisema. Alisoma sana, alijua kulisema hilo kwa namna nyingi, na hiyo moja tu ndiyo iliyomtoka.

"Labda," alijibu mama yake. "Haya, lia sasa. Ulitaka kulia. Hakuna tena wa kukukataza."

Gai alifungua mdomo, na machozi hayakuja. Mama yake hakuwa akimtazama. Alikuwa amesogea akakaa upande wake wa kulia, pale palipokuwa patupu, bega lake limegusana na la mwanawe, na macho yake yalikuwa mlangoni.