Mgonjwa wa Jumuiya

Ofisini kwetu kuna ngazi fupi ya kushukia kwenye chumba cha chai, na mwezi ule nilikuwa naishuka kinyumenyume. Wenzangu walicheka mpaka wakazoea. Mapaja yangu yalikuwa yamekataa kabisa kushuka ngazi kama mapaja ya watu wengine, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoona haya.

Nilikuwa najiandaa kwa mashindano ya Tanga. Unaogelea baharini karibu kilomita mbili, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita tisini, halafu, kana kwamba hujakoma, unakimbia ishirini na moja. Siku moja, mtu mmoja. Aliyenitia kichaa hicho ni Mujtaba, tunayefanya naye kazi kwenye bima, ambaye mwaka uliotangulia aliyamaliza na mpaka leo anatembea kama aliyevishwa nishani jana. Mke wangu Clara alikuwa amehamishiwa Dodoma na wizara yake, mtoto akaenda naye, nyumba ikabaki kimya. Mwanamume aliyeachiwa nyumba kimya ama anakunywa ama ananunua baiskeli. Mimi nilinunua baiskeli.

Hakuna aliyeniambia kwamba kazi haipungui kwa sababu wewe unafanya mazoezi. Alfajiri nakimbia, mchana nabishana na watu waliogongewa magari yao, jioni nakwenda kuogelea Msasani, nikifika nyumbani chumvi imenikaukia masikioni na wali nakula nimesimama, maana nikikaa sitainuka. Neno langu la kwanza mlangoni lilikuwa lilelile kila siku: "Nimechoka." La pili sikuwa nalo.

Aliyelipokea neno hilo ni mama. Baba alipofariki tulimtoa Muleba tukamleta kwetu Kimara Temboni, kule bondeni, ambako gari linaishia juu barabarani na wewe unashuka kwa miguu kwenye ngazi za viroba vya mchanga. Utotoni alinichapa sana kwa kuogelea ziwani, akiogopa mamba. Sasa mtoto yuleyule, kichwa kimeingia mvi, anamuaga kwamba anakwenda kuogelea baharini. Alikuwa ananitazama tu.

Kilichomuuma zaidi ni jumuiya. Sisi Wakatoliki wa mjini tunajua: kila Jumamosi alfajiri familia za mtaa zinasali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, na hao ndio watakaokuja ukiugua na kukuimbia ukifa. Usipoonekana jumuiya, siku ya msiba wako watu wataulizana huyu ni nani. Na Jumamosi alfajiri ndiyo saa ya baiskeli ndefu, Barabara ya Morogoro ikiwa haijajaa malori. Tangu Kwaresima sikuwa nimekanyaga jumuiya. Mama alikwenda peke yake, na kitenge chake, na rozari, na soksi za sufu ambazo hakuzivua hata kwenye joto la Dar. Nilikuwa nampita kwenye ngazi, baiskeli begani, naye amesimama kwenye geti la mtu. Kila geti alisimama. Nilidhani anasalimia.

"Wananiuliza uko wapi," aliniambia jioni moja.

"Waambie nitakuja nikimaliza Tanga."

"Niwaambie mwanangu mtu mzima anakimbia na hakuna anayemfukuza?"

"Waambie chochote, mama. Nimechoka."

Basi akawaambia chochote.

Zikabaki wiki tatu. Mujtaba akanivuta pembeni ya mashine ya kutolea kopi. "Braza, Jumamosi hii ndiyo mtihani wako. Kimara mpaka Mlandizi na kurudi, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia hapohapo, hukai. Ukimaliza, Tanga unakwenda. Ukishindwa, mie nakwambia kama ndugu yako, usiende. Kule baharini hakuna mahali pa kukaa ukichoka."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtihani huo nilikuwa nimeshaujaribu mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilinirudisha. Mara ya pili, yaani Jumamosi iliyotangulia, nilikaa kwenye benchi la muuza chipsi pale Kibaha nifunge kamba ya kiatu, nikalala. Hii ilikuwa ya mwisho. Niliitaka Jumamosi ile kuliko nilivyoitaka siku ya harusi yangu, na Clara akisikia atanisamehe. Nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu kilichoanza na kikaisha.

Jumamosi ikafika. Nikavaa kaptura ya kubana yenye sponji makalioni, nikajaza chupa za maji, nikabonyeza tairi nikaona ziko sawa. Nafungua mlango, nasikia wimbo. Si redio. Watu walikuwa wanashuka ngazi za viroba wakiimba, mmoja ameshika msalaba, mwingine mfuko wa sukari, mwingine maharage, na mbele yao mwenyekiti wa jumuiya, Mama Auleria, mwalimu mstaafu, kitabu cha sala kwapani. Nikajua wamekosea nyumba.

Mama akanishika mkono kwa nyuma.

"Baba, nenda kalale."

"Nikalale? Saa hizi?"

"Niliwaambia unaumwa." Alisema kwa Kihaya, akarudia kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja haitoshi kwa aibu ile. "Kila wakiniuliza nasema unaumwa. Sasa wamekuja kukuombea. Usiniumbue, mwanangu."

Hasira ilinipanda mpaka nikasikia ladha yake. Nilimtazama mama, nikaitazama baiskeli, nikawatazama wale watu walioamka gizani kwa ajili yangu. Kutoka pale ilikuwa rahisi: shikamooni, samahanini, napita. Lakini mama angebaki mlangoni, mwongo mbele ya watu pekee aliowajua katika jiji hili. Nikaisukuma baiskeli nyuma ya kabati. Nikapanda kitandani na viatu vyangu vya kuendeshea, nikajifunika blanketi mpaka shingoni.

Wakaingia mpaka chumba kikajaa. Mzee Ansbert akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akatangaza, "Ana joto huyu." Kweli nilikuwa na joto, nani asingekuwa nalo chini ya blanketi lile. "Jamani, amekwisha," akasema mama mmoja, akinitazama mashavu ambayo mimi nilikuwa nayaonea fahari. Wakapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, wazee wale, wakaanza rozari. Nililala pale nikihesabia moyoni: sasa ningekuwa Kibamba, sasa ningekuwa Kiluvya. Halafu sauti zao zikawa moja, ikapanda na kushuka, na kabla rozari haijafika nusu nikapitiwa na usingizi. Usingizi wa kweli, wenye mate.

Nilipoamka jua lilikuwa limejaa ukutani. Simu ilikuwa na ujumbe wa Mujtaba: "Umefika Mlandizi?" Nikajua Tanga imekwenda. Nilijifunika uso kwa blanketi nikalia kidogo, si kwa huzuni kubwa, ni uchovu tu uliokosa pa kutokea. Kisha nikainuka kwenda kumwambia mama maneno ambayo hajawahi kuyasikia kutoka kwangu.

Mama alikuwa sebuleni, amelala kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Jikoni Mama Auleria alikuwa anakoroga uji. Wengine walikuwa wameondoka.

"Shikamoo, Mama Auleria."

"Marahaba. Mgonjwa ameamka." Akaitazama kaptura yangu, akaukoroga uji wake.

"Mama, mimi siumwi."

"Najua. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakwenda kwa dada yangu Kibaha, nikakuona umelala kwenye benchi la chipsi, kofia ya plastiki kichwani. Nilitaka kukuamsha, nikakuhurumia."

"Sasa mmekuja kumwombea nani?"

Akapunguza moto. "Mwanangu, mie nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote. Mtoto akija kuniambia mwenzake anaumwa tumbo, namshika tumbo yeye." Akageukia sebuleni akashusha sauti. "Kila Jumamosi mama yako anatusimulia ugonjwa wako. Revelian miguu imevimba. Revelian akipanda ngazi pumzi zinamkatika. Revelian hawezi kulala chali, analala amekaa kwenye kiti. Sasa mtu anayefika Kibaha kwa baiskeli, pumzi zinamkatikaje kwenye ngazi za Temboni? Tulimwambia tumpeleke yeye hospitali, akakataa, eti mgonjwa ni wewe. Tukaona tuje."

Nilikwenda sebuleni nikapiga magoti mbele ya kiti cha mama, nikamvua soksi moja. Ilikuwa imebana mpaka imeacha mfereji kwenye nyama. Nikabonyeza kwa kidole juu ya kifundo. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Mimi ninayebonyeza tairi za baiskeli kila siku kujua kama zina upepo, miguu ya mama sikuwahi kuishika.

Akafumbua macho. "Wameondoka?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama bila hasira yoyote, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuanika nguo wakati mvua inanyesha.

"Ningekuambia saa ngapi, baba? Kila ukirudi umechoka."

Nikamvua soksi ya pili.

Nikamjibu Mujtaba kwamba sikutoka na Tanga siendi, nikazima simu kabla hajaniuliza. Mama Auleria alimnywesha mama uji, akamtafutia kanga safi, akampigia kijana wake wa bajaji asubiri juu barabarani atupeleke hospitali. Nilitaka kumbeba mama, akakataa katakata. Hawezi kubebwa mgongoni kama gunia la ndizi mbele ya mageti ya watu. Basi tukapanda taratibu, mimi na kaptura yangu ile, viatu vinateleza kwenye viroba, mkono wangu kiunoni mwake.

Kwenye geti la kwanza akasimama. Hapakuwa na mtu pale wa kusalimiwa. Alishika chuma kwa mkono mmoja, kifua kinapanda na kushuka, midomo imemkauka, na juu yetu bado ngazi zilikuwa nyingi.

"Sijachoka mie," akasema.

"Mimi nimechoka, mama," nikamwambia. "Tukae kidogo."

"Basi tukae, kama umechoka," akasema, na akawa ameshakaa kwenye kiroba kabla sijamshika vizuri.